Mfarishi kwa Cherehani ya Miguu

Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Olkaria vimepanda juu zaidi ya hapo. Ndiyo maana asubuhi za Julai mvuke wa visima huonekana mweupe na mzito kuliko miezi mingine, na ndiyo maana katika nyumba nyingi za Kamere, Kongoni na Maiella watoto hulala wawili au watatu chini ya blanketi moja.

Katika baadhi ya nyumba hizo mna cherehani. Ni ile nyeusi ya miguu, Singer ya bibi au Butterfly iliyonunuliwa na kikundi cha akina mama, imefunikwa kitambaa na kuwekewa redio juu. Shule zikikaribia kufunguliwa inatolewa kutia viraka sare, kisha inarudi kwenye kazi yake ya umeza. Wengine wameshaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ikapimwa kwa kilo.

Wenye cherehani hizo mara nyingi huambiwa kwamba haziwezi kushona mfarishi, yaani kitandiko kizito cha matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja. Huambiwa kazi hiyo inataka mashine ya umeme yenye mishono mingi na vifaa maalumu. Si kweli. Mfarishi huhitaji mshono mmoja tu, ule wa kwenda mbele moja kwa moja, na huo ndio mshono ambao cherehani kuukuu huujua vizuri. Tena ina faida mbili. Mwili wake ni wa chuma na gurudumu lake ni zito, kwa hiyo sindano hupenya kitambaa kinene bila kusita. Na kile kibati chini ya sindano kina tundu dogo la duara, dogo kiasi kwamba kitambaa hakiwezi kusukumwa ndani pamoja na sindano, jambo ambalo huwasumbua sana wenye mashine za kisasa za zigizaga. Zaidi ya hayo haihitaji umeme. Inafanya kazi hata pale nguzo ya stima haijafika.

Ugumu upo, lakini hauko mahali ambapo watu wanaudhania. Uko katika uzito wa kazi na katika kuteleza kwa matabaka. Sehemu kubwa ya somo hili inahusu hayo mawili.

Joto linatoka wapi

Kitambaa hakina joto lake. Joto hutoka mwilini mwa anayelala, na kazi ya mfarishi ni kulizuia lisitoroke. Kinacholizuia ni hewa iliyotulia katikati ya matabaka. Tabaka la juu ni la viraka au kitenge, la chini ni shuka au leso, na katikati kuna kijazo chenye kushika hewa. Mishono inayopita matabaka yote matatu huzuia kijazo kisikimbilie pembeni. Ikiwa mistari iko mbali mno, kijazo huvunjika na kukusanyika kama uji ulioganda. Ikiwa karibu mno, hewa hubanwa ikatoka na mfarishi ukawa mzito bila kuwa na joto. Nafasi ya sentimita 7 hadi 10 kati ya mstari na mstari hufaa kwa kazi nyingi.

Kijazo kilicho rahisi kupatikana huku ni blanketi kuukuu. Hata lililochakaa na kutoboka hufaa, kwa kuwa mashimo hufunikwa juu na chini, na halitembei ndani kama vipande vya sponji vinavyotembea. Sweta za mitumba zilizofuliwa hadi zikashikana nazo hufaa, mradi pindo na vifungo viondolewe. Magunia ya plastiki hayafai kabisa. Hayapitishi jasho, na mtoto ataamka amelowa.

Kutumia nguo zilizochoka namna hii si ubunifu wa jana. Kule Karnataka, India, Wasidi, ambao mababu zao walitoka pwani za Afrika, hutengeneza mifarishi inayoitwa kawandi kutokana na nguo kuukuu. Wao hushona kwa mkono, wakianza ukingoni na kuzunguka hadi katikati, na kila pembe hutiwa kipande kidogo kilichokunjwa kama ua. Fundi wa cherehani hufanya kinyume: huanza katikati na kwenda nje. Sababu yake itaonekana hapa chini.

Kuamsha cherehani iliyolala

Vumbi la Olkaria si vumbi la kawaida. Ni majivu ya volkeno na ungaunga wa yale mawe mepesi ambayo watu husugulia visigino. Kinachosugua kisigino husugua pia chuma. Kwa hiyo kosa la kwanza ni kutia mafuta kabla ya kusafisha: mafuta yakikutana na vumbi hilo hugeuka kuwa dawa ya kusaga, na kila kanyagio la mguu hula kidogo cherehani yenyewe.

Fundi aanze kwa kufungua kibati cha chini ya sindano na kuondoa, kwa brashi ndogo au mswaki mkavu, manyoya yote yaliyojazana kati ya meno na kwenye nyumba ya bobini. Cherehani iliyokaa miaka mingi huwa na mafuta yaliyoganda rangi ya asali. Hayo hulegezwa kwa tone la mafuta ya taa katika kila tundu, mbali na moto, kisha gurudumu lizungushwe na uchafu unaotoka ufutwe. Baada ya hapo ndipo yatiwe mafuta ya cherehani yenyewe, tone moja kila tundu. Mafuta ya kupikia yasitumike hata siku moja. Ndiyo yaliyogandisha cherehani nyingi zinazosemekana zimekufa.

Mkanda wa ngozi unaounganisha gurudumu la chini na la juu hulegea kwa umri. Kwenye kitambaa chepesi haionekani, lakini ukifika mfarishi, miguu huzunguka na sindano ikasimama. Dawa yake ni kukata kiasi cha sentimita moja, kutoboa tundu jipya kwa msumari na kurudisha kile kiwaya cha kuunganishia. Usikazwe kupita kiasi. Mkanda uliokaza sana hufanya kukanyaga kuwe kazi ya punda.

Sindano iwe mpya. Namba 14, ambayo pakiti nyingine huiandika 90, hutosha kwa viraka vya kitenge. Kwa matabaka matatu namba 16, yaani 100, ni salama zaidi, na penye jinzi 18. Namna ya kuiweka hutofautiana kati ya cherehani na cherehani, na hapa ndipo wengi hupotea. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja. Mfereji huo hutazama upande ambao uzi unaingilia. Ikiwekwa kinyume, cherehani hairuki tu mishono, mara nyingine haishoni kabisa, na mwenyewe huilaumu kwa kosa lisilo lake.

Uzi nao upimwe kwa kuvutwa kati ya vidole. Ule wa kwenye kopo la bibi, ukikatika kirahisi mkononi, utakatika pia kwenye kazi. Wakati wa kuutunga, mguu wa kukandamiza uwe umeinuliwa, kwa sababu hapo ndipo vile visahani vya kukaza uzi vinapofunguka na kuupokea ndani. Ukitungwa mguu ukiwa chini, uzi hukaa juu ya visahani tu, na chini ya kitambaa panatokea kiota cha ndege.

Majaribio yafanywe kwenye kipande chenye matabaka matatu yaleyale yatakayotumika, si kwenye kitambaa kimoja. Uzi wa juu ukilala kama waya ulionyooka, umekazwa mno. Vitanzi vikionekana chini, wa juu umelegea. Mshono ulio sawa hukutana katikati ya kijazo, usionekane juu wala chini.

Kwa nini matabaka huteleza

Meno ya cherehani yako chini. Yanasukuma tabaka la chini kwenda nyuma. Mguu uko juu, nao hausukumi. Unakandamiza tu, na kukandamiza ni sawa na kuzuia. Basi tabaka la chini husafiri, la juu huchelewa. Kwa vitambaa viwili vyembamba tofauti hiyo ni ndogo. Kwa matabaka matatu, mwisho wa mstari hutokea mkunjo mkubwa, na ndipo watu husema cherehani imeshindwa.

Mashine za kisasa zina mguu maalumu wenye meno yake ya juu. Cherehani kuukuu haina, lakini mambo manne yakifanywa pamoja hulipa pengo hilo karibu lote.

La kwanza ni kupunguza nguvu ya mguu. Juu kabisa ya kichwa cha cherehani, upande wa sindano, kuna skrubu nene ambayo wengi hawajawahi kuigusa. Ikilegezwa mizunguko michache, mguu hukandamiza kidogo na tabaka la juu hupata nafasi ya kusafiri. La pili ni kurefusha mshono hadi milimita 3 au zaidi kidogo, kama mishono minane kwa inchi. Mshono mfupi wa kushonea shati hukusanya matabaka.

La tatu ndilo linalorukwa na ndilo kubwa: bandi. Kabla kazi haijaguswa na cherehani, matabaka yote matatu yashikizwe kwa mkono kwa mishono mirefu ya bandi, mistari ikiwa umbali wa kiganja kimoja, kwanza kwenda chini kisha kukatiza. Tabaka la chini hutandazwa kwanza mezani au sakafuni, upande mzuri ukitazama chini, na kunyooshwa bila kuvutwa. Juu yake kijazo. Juu yake viraka vilivyopigwa pasi. Kazi hii huchosha mgongo na haina sifa, kwa kuwa bandi hufumuliwa mwishoni na hakuna atakayeiona. Lakini saa moja ya bandi huokoa jioni nzima ya kufumua mishono ya cherehani, na anayebisha afumue mara moja tu ndipo atakubali.

La nne ni mwelekeo. Mstari wa kwanza upite katikati ya kipande. Mistari inayofuata iende ikisogea nje, upande huu kisha upande ule, na yote ishonwe kutoka ukingo uleule kwenda ukingo uleule. Mkunjo wowote unaojikusanya husukumwa nje, unakotokea ukingoni na kukatwa. Anayeanza pembeni na kuelekea katikati hujifungia mkunjo ndani, na hauna pa kutokea. Ushonaji wa mkono hauna meno ya kusukuma, ndiyo maana Wasidi wanaweza kuanza ukingoni bila shida.

Mistari ichorwe kwa chaki ya fundi au kwa kipande chembamba cha sabuni kilichobaki bafuni, ambacho huchora vizuri kwenye rangi za giza na hutoka kwa maji. Uanzaji wa kila mstari uwe kwa mkono: gurudumu lizungushwe kuelekea kwa mshonaji, kisha miguu ifuate. Likirudi nyuma hata robo mzunguko, uzi hukatika. Penye mkutano wa viraka vingi, miguu ipumzike na gurudumu lizungushwe kwa mkono, mshono kwa mshono. Cherehani nyingi za zamani hazina mshono wa kurudi nyuma. Mwanzo na mwisho wa mstari huachiwa nyuzi ndefu, zikavutwa upande wa chini na kufungwa fundo.

Mfarishi mkubwa, cherehani ndogo

Kutoka sindano hadi nguzo ya cherehani ni kama shubiri moja tu. Mfarishi wa kitanda cha futi 4 kwa 6, wenye blanketi ndani, hauwezi kukunjwa na kupita hapo, na hata ukipita, uzito wake unaoning'inia mezani huvuta sindano hadi ikapinda. Hapa ndipo wengi walipokata tamaa.

Jibu ni kutoupeleka mfarishi mzima kwenye cherehani. Upelekwe vipande, kila kipande kikiwa na matabaka yake matatu na mistari yake tayari, kisha vipande viunganishwe. Kitanda cha futi 4 kwa 6 ni karibu sentimita 120 kwa 180. Vipande vya sentimita 40, vinne kwa upana na vitano kwa urefu, hutoa mfarishi wa 160 kwa 200. Ni vipande 20. Kikundi cha watu kumi hushona viwili viwili, kila mtu kwake au kwa zamu kwenye cherehani moja.

Vipimo ni hivi. Tabaka la juu na kijazo hukatwa sentimita 44 kila upande, na tabaka la chini 48, kwa sababu kushona mistari hukivuta kipande kikapungua kidogo. Mistari isifike ukingoni. Ikomee sentimita 5 kabla. Mistari ikiisha, vipande vyote hupunguzwa kwa kipimo kimoja: tabaka la juu 42, kijazo 40, tabaka la chini 44, vyote vikiwa na katikati moja. Kadibodi tatu zilizokatwa kwa vipimo hivyo, zikatumiwa na kila mtu kikundini, huzuia ugomvi wa baadaye. Vipande ishirini vilivyopimwa kwa macho ishirini havikutani.

Kuunganisha huenda hivi. Vipande viwili hulazwa uso kwa uso, matabaka ya chini yakakunjwa pembeni na kushikizwa kwa pini yasiingie njiani. Tabaka la juu tu la vyote viwili hushonwa kwa cherehani, sentimita moja kutoka ukingoni. Vikifunguliwa, vijazo viwili vinakutana ukingo kwa ukingo bila kupandana. Mfarishi ugeuzwe. Tabaka moja la chini hulazwa bapa juu ya mshono. La pili hukunjwa ndani sentimita moja, likalazwa juu ya lile la kwanza na kushonwa kwa mkono kwa mishono midogo. Vipande vinne vikishikana ni safu moja. Safu tano huunganishwa kwa njia hiyohiyo, na hapo cherehani hushona mishono mirefu minne tu yenye kitambaa kimoja juu ya kingine. Meza au viti viwili viwekwe nyuma na kushoto kupokea uzito.

Ukingo wa nje hufungwa kwa utepe wa kitenge wa sentimita 8 uliokunjwa mara mbili kwa urefu. Hushonwa kwa cherehani upande wa juu, ukapinduliwa na kumaliziwa kwa mkono upande wa chini. Ukingo ndio unaochakaa kwanza, kwa kuwa ndio unaovutwa na mtoto usiku, hivyo kitambaa cha utepe kiwe kipya hata kama kila kitu kingine ni cha zamani.

Vitambaa vyote vifuliwe kabla ya kukatwa. Leso nyekundu ambayo haijaingia majini itachafua kila kirafiki chake, na pamba isiyofuliwa hurudi baadaye ikakunja mfarishi mzima. Vitambaa vinavyovutika, kama vya fulana, viachwe nje. Pamba ikae na pamba.

Kwa kikundi na kwa soko

Anayeanza asikimbilie kitanda kikubwa. Vipande sita, viwili kwa vitatu, hutoa mfarishi wa mtoto wa sentimita 80 kwa 120, na mafunzo yote ya kuunganisha yamo ndani yake.

Wanaofikiria kuuza wana mlango karibu. Hifadhi ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka 1984, iko kando ya Olkaria, na wageni hupita wakitafuta kitu cha kubeba. Lakini bei ihesabiwe vizuri. Uzi, sindano na utepe hununuliwa, na saa za bandi na za kumalizia kwa mkono ni nyingi kuliko za cherehani. Kikundi kinachohesabu vitambaa peke yake hujikuta kinawazawadia wageni usingizi wake. Rangi nazo zina soko. Jina Olkaria lenyewe linatokana na neno la Kimaasai la udongo mwekundu wa kujipaka, na wekundu huo pembeni mwa nyeusi na buluu ya shuka hutambulika mbali.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani chini ya serikali za kaunti. Kikundi kinachotaka mwalimu kinaweza kuuliza katika ofisi ya wadi au katika chuo cha ufundi kilicho karibu kama kuna darasa la ushonaji. Kiende na cherehani yake, au angalau na kipande kimoja kilichoshonwa, hata kiwe kimepinda. Mwalimu husoma kosa haraka zaidi akiliona kuliko akielezwa.

Kipande hicho cha kwanza, chenye mikunjo na mistari iliyokwenda upande, kisitupwe. Matabaka yake matatu huzuia vumbi vizuri, na kipimo cha sentimita 40 hutosha kufunika kichwa cha cherehani usiku kazi ikiisha.